Ufagio Uliosema Sijui

Maktaba ya Mji, Tamarack Ford, North Dakota
4 Oktoba 2022

Kwa watengenezaji wa Ufagio,

Salamu. Nawaandikia kwa kalamu kwa sababu barua pepe mbili nilizowatumia zilijibiwa na mashine. Ya kwanza ilinishukuru kwa kuwa mteja wenu. Ya pili ilinishukuru kwa subira yangu, ambayo sikumbuki kuwaahidi.

Mimi ndiye mtunza maktaba wa mji huu. Tuna kompyuta ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuketi na kuzitumia, na kwa miaka mingi, kila ninapofunga maktaba, nimekuwa nikiwasha programu yenu ifute alichoacha mtu: kurasa alizofungua, maneno aliyotafuta, yote. Inatokea tiki ya kijani na neno "Safi", nami nachukua koti langu naenda zangu.

Jana Jumatatu nimefungua kompyuta ya pembeni, ile iliyo nyuma ya vitabu vya mapishi, nikakuta kila kilichofunguliwa wiki iliyopita kimejipanga mstari kama watoto wa shule. Nikabonyeza Ufagio. Tiki ya kijani. Nikatazama tena, vyote vipo. Nilibonyeza na kubonyeza mpaka mzee mmoja anayesoma gazeti akaniuliza kama nimegombana na kompyuta.

Naomba mrekebishe, tena haraka. Na mnijibu kwa posta, kwa anwani ya nyumbani iliyo nyuma ya bahasha. Msitumie barua pepe wala simu ya maktaba.

Ardis Quamme


Moncton, New Brunswick
13 Oktoba 2022

Mama Quamme,

Barua yako imekuwa sherehe hapa ofisini, na ofisi yenyewe ni watu wawili: mimi ninayeandika programu, na shemeji yangu Gilles, mume wa dada yangu, anayeiuza. Hatujawahi kupata lalamiko lililobandikwa stempu. Gilles anataka kulitia kwenye fremu.

Tatizo nalijua. Vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za mtandao, hutoa toleo jipya karibu kila mwezi, na safari hii wenye kivinjari mnachotumia wamehamisha mahali wanapoweka kumbukumbu zao. Ufagio unakwenda kufagia chumba kilekile cha zamani, kumbe wenyewe walishahama. Kazi yangu ndiyo hiyo, Mama: kuwafuata wanaohama bila kuaga. Sijawahi kuwatangulia hata siku moja.

Marekebisho yatatoka mwezi ujao pamoja na mambo mengine. Kwa sasa usijali sana. Kwa uzoefu wangu, kinachobaki kwenye kompyuta za maktaba ni watu waliotafuta utabiri wa hali ya hewa na matokeo ya hoki.

Wako,
Réjean Gaudet


Tamarack Ford
21 Oktoba 2022

Bwana Gaudet,

Asante kwa jibu, na kwa mzaha. Ila sikukuuliza kilichobaki ni nini. Mtu anayekuja hapa kutafuta jambo, awe anatafuta mvua au dawa ya upara, hilo ni shauri lake, na mimi niliapa kulilinda shauri lake wakati wewe hujajua kusoma.

Nina swali moja, na nimelala nalo nikaamka nalo. Ufagio ulijuaje kuwa ni safi? Uliingia chumba cha zamani ukakikuta kitupu. Sawa, haukujua kuwa wenyewe wamehama. Lakini tiki ya kijani ilitoka wapi? Asiyejua hunyamaza, au husema hajui. Ufagio wako ukasema "Safi", tena kwa herufi kubwa.

Mwezi ujao ni mbali. Kuna mtu hapa ambaye kwake ni mbali mno. Zaidi ya hapo siandiki.

Na nakusihi tena, usipige simu maktaba. Barua pepe nazo ziache. Kuna anayezisoma.

Ardis Quamme


Moncton
31 Oktoba 2022

Mama Quamme,

Swali lako lilinikera, kisha likanikaa. Nikaenda kutafuta ndani ya programu mahali inapotolewa ile tiki. Niliandika mwenyewe, zamani. Kwa lugha ya watu inasema hivi: pita kwenye vyumba unavyovijua, ukimaliza kupita, sema Safi. Haisemi hakikisha. Haisemi kama chumba hukioni, uliza. Nilifanya kumaliza na kusafisha kuwa kitu kimoja, na watu wote hawa wanaotumia Ufagio, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Nimeacha mengine yote nikafanya hili la kwenu. Ichomeke kwenye kila kompyuta, ufuate maelezo, na Ufagio utayajua makazi mapya.

Sasa kuna jambo jingine, na kama nimevuka mpaka nisamehe. Nimezisoma tena barua zako. Anwani ya nyumbani. Mtu anayesoma barua pepe. Mtu ambaye kwake mwezi ni mbali. Mama, kama kuna anayekutesa, dada yangu Odette ni muuguzi, na anawafahamu watu wanaosaidia bila kelele, hata upande wenu wa mpaka. Ukinitumia karatasi tupu isiyo na neno hata moja, nitaelewa.

Réjean


Tamarack Ford
9 Novemba 2022

Réjean,

Nilicheka mpaka paka akahama kiti. Kisha nikalia kidogo, maana ni siku nyingi tangu mtu anihangaikie. Mume wangu Lloyd yuko makaburini, Mungu amrehemu, na kitu pekee alichowahi kunitesa nacho ni uimbaji wake kanisani. Si mimi.

Lakini hukukosea sana. Umenionyesha moyo wako, nami nikufungulie mlango kidogo.

Kuna dada mmoja anakuja Alhamisi, saa ambayo mumewe anafundisha watoto hoki. Huketi kwenye kompyuta ya pembeni. Sijawahi kumwuliza anatafuta nini. Nilijua siku ile Ufagio uliposhindwa, kwa kuwa niliona kwa macho yangu: nyumba ya kuhifadhi wanawake, ratiba za mabasi, wakili wa talaka. Nikaanza kuzifuta kwa mkono, moja moja. Ila hiyo ilikuwa mchana. Asubuhi ya siku hiyohiyo mumewe alikuwa amekuja kutengeneza printa.

Hapo ndipo penye kidonda. Mume huyo ndiye fundi wetu wa kompyuta. Anajitolea. Barua pepe za maktaba aliziweka yeye, na anazipitia "kuona kama ziko sawa". Mji mzima unampenda. Gari lako likikwama kwenye theluji atalivuta mpaka mlangoni kwako na chai atakataa. Asubuhi ile aliketi kwenye kompyuta ya pembeni akisubiri printa iamke. Kama aliona, sijui.

Baada ya hapo yule dada akapotea. Alipokuja tena, alikuja na mumewe. Mume akamvutia kiti, akaketi naye bega kwa bega, akanitabasamia.

"Ardis, mke wangu siku hizi amekuwa msomaji! Nyumbani tumekosa nini?"

"Vitabu," nikamwambia.

Akacheka sana. Mkewe hakucheka. Aliazima kitabu cha supu, akaondoka nacho kama aliyebebeshwa jiwe.

Juzi amekuja peke yake. Nikamwambia, "Mwanangu, ingia ofisini kwangu, funga mlango, tumia simu yangu."

Akatikisa kichwa. "Niliwahi kumwambia mtu," alisema. "Wa kanisani. Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa ameshaambiwa. Mashine haina huruma, Ardis, ndiyo maana naiamini."

Akabonyeza Ufagio wako, akaitazama tiki mpaka akaridhika, akaenda. Flashi yako inafanya kazi, Mungu akubariki. Lakini kwamba tiki hiyohiyo iliwahi kumdanganya, sikupata moyo wa kumwambia.

Ardis


Moncton
20 Novemba 2022

Mama Ardis,

Mwambie. Hilo kwanza. Wewe ndiye uliyeniuliza kwa nini Ufagio haukusema haujui. Na yeye anakaa nyumba moja na mtu huyo akidhani hajaonwa. Mwambie hata kama atakasirika.

La pili, usiniamini sana hata mimi. Flashi ile inayajua matoleo ya leo. Kivinjari kikibadilika, nami nitachelewa tena, siku chache au zaidi. Dawa yenyewe ni kuziweka kompyuta ili kila zikizimwa zisahau kila kitu. Nimeeleza namna yake kwenye karatasi ya pili. Lakini fundi wenu akigusa tu atajua kuna aliyebadilisha, na atajiuliza kwa nini. Ufagio ameuzoea, hautamshtua. Hiyo karatasi iweke mpaka yule dada awe mbali.

La tatu ni Gilles. Leo mchana tulikuwa mezani kwao, nikamwambia nataka Ufagio ukikutana na toleo usilolijua usitoe tiki. Utoe alama ya manjano, useme: "Toleo hili silijui. Sijasafisha. Usiniamini."

Uma ukasimama hewani. "Usiniamini? Réjean, umewahi kuona duka la mikate limeandika mlangoni kwamba huenda imeoza?"

"Kama haujui, haujui."

"Wenzetu wote wanatoa kijani! Watu hawanunui usafi, bwana wee. Wananunua tiki."

Odette akadakia, "Mimi wodini nikiandika nimempima mgonjwa ambaye sijampima, nafukuzwa."

"Wewe unatibu watu, mke wangu. Huyu anauza ufagio."

"Huyu anauandika. Anayeuza ni wewe," dada yangu akasema, akamwondolea sahani kabla hajamaliza.

Habari za dada wa Alhamisi sikuwaambia. Alama ya manjano naiandika, na itatoka Januari, Gilles apende asipende.

Réjean


Tamarack Ford
14 Desemba 2022

Réjean mwanangu,

Nimemwambia. Alinisikiliza akiwa amesimama, glavu mkononi.

"Kwa hiyo alijua," akasema. "Tangu wakati ule alijua." Kisha akasema taratibu, kama anayejihesabia mwenyewe, "Ndiyo maana alininyang'anya funguo za gari."

Nilidhani atanichukia. Badala yake akaketi. Tukakubaliana kwamba kuanzia sasa asifungue chochote kabla ya kubonyeza Ufagio kwanza na kusoma unasema nini.

Karibu na Krismasi mumewe atawapeleka watoto wa hoki mashindanoni, mji wa mbali, walale huko. Siandiki zaidi. Kama unasali, sali. Na usiniandikie mpaka nikuandikie.

Ardis


Moncton
17 Februari 2023

Mama Ardis,

Nimevunja agizo lako, nimeshindwa. Krismasi imepita, Januari imepita. Kila mtu wa posta anapopita nampokonya barua kabla hajaziangusha, sasa ananiona mgonjwa.

Sikuulizi kitu. Nakupa habari zangu tu. Alama ya manjano ilitoka katikati ya Januari, na kivinjari kikubwa kikatoa toleo jipya baada ya siku chache. Watu wengi wakaiona kabla sijarekebisha. Malalamiko yamemiminika. Bwana mmoja ameandika kwamba akitaka kuambiwa "sijui" anaye mtoto wake wa miaka kumi na mitano. Gilles anaongea nami kupitia kwa dada yangu. "Mwambie ndugu yako aniletee kahawa," nami nimesimama hapohapo.

Niandikie hata kunieleza habari za theluji tu.

Réjean


Tamarack Ford
11 Machi 2023

Réjean,

Theluji ipo. Nisamehe kimya changu. Niliogopa hata kalamu.

Krismasi haikuwezekana. Dhoruba ilifunga barabara, mashindano yakafutwa, na mumewe akakaa nyumbani sikukuu nzima. Mwezi wa kwanza ulikuwa unakwisha ndipo nilipomwona tena mlangoni, amekonda. Alikuja kuwaandikia wale wa nyumba ya hifadhi wapange siku nyingine. Akaketi, akabonyeza Ufagio kama tulivyokubaliana. Mara namwona mbele ya dawati langu.

"Ardis, ufagio wako una wazimu. Unaniambia nisiuamini."

Nikaenda kutazama. Kivinjari kilikuwa kimejibadilisha chenyewe, na Ufagio nao ulishapokea toleo lako jipya. Na pale kwenye kioo, manjano yako, na maneno yako.

"Basi usiuamini," nikamwambia.

"Zamani huu ulikuwa unaniambia safi."

"Zamani ulikuwa hausemi kweli."

Akasimama pale, koti limefungwa mpaka kidevuni, akiyasoma maneno yale tena na tena. Sijui alikuwa anawaza nini. Ninachojua, nyumbani kwake kuna mtu anayejua kila kitu: anajua mkewe anawaza nini, anajua mkewe anastahili nini. Na kanisani wapo waliojua lililo jema kwake kuliko yeye. Labda ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kukutana na kitu kinachokiri mipaka yake. Akageuka.

"Simu yako iko wapi?"

Alipiga akiwa ofisini kwangu. Mimi nilisimama mlangoni nikipanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mumewe aliingia tukikaribia kufunga. "Nasikia kompyuta ya pembeni imekuwa nzito," akasema. Hakuna aliyemwambia hivyo. Akaketi, akafungua orodha ya kurasa zilizotembelewa, akaishusha kwa kidole polepole. Mle mlikuwa na mambo ya mzee mmoja anayetafuta mashine ya kutoboa barafu. Hakuna jingine. Réjean, kama dada yule angeandika pale siku ile, akapewa tiki ya kijani, akaenda zake!

"Hii manjano nini?" akaniuliza.

"Programu inasema haijui."

"Takataka. Nitawawekea nyingine."

"Utakuwa umetusaidia," nikamjibu, nikaanza kuzima taa.

Wiki iliyofuata wanawake wawili walikuja na gari la kawaida kabisa, wakasimama mlango wa nyuma tunakopokelea maboksi. Aliondoka na mkoba na kitabu cha supu, ambacho nimekiandika kuwa kimepotea.

Mumewe alikuja kesho yake asubuhi. Aliegemea dawati langu kwa viganja vyote viwili.

"Wewe unajua alipo."

"Mimi mtunza maktaba. Najua vitabu vilipo."

"Ardis. Usinichezee."

Wazee wa magazeti wakainua vichwa. Mmoja, Orville, ambaye katika miaka yote ya kuja hapa sijamsikia akisema zaidi ya "habari za asubuhi", akalikunja gazeti lake vizuri, akaja akasimama kando yangu. Akasimama tu, mrefu na mzee, ameshika gazeti. Wenzake wakainuka pia. Yule bwana akatutazama mmoja mmoja, akaondoka.

Nusu ya mji hainisalimii siku hizi. Wanasema nimevunja nyumba ya watu. Nusu nyingine wananiletea vyakula, sijui nivipeleke wapi.

Ardis


Moncton
2 Aprili 2023

Mama Ardis,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama barazani na koti moja tu, mpaka Odette akatoka kunifokea. Nilimwambia ni barua ya mteja. Si uongo.

Sasa nikupe langu, ingawa ni dogo mbele ya lenu. Gilles ameamua. Anataka kijani kirudi kabla ya kiangazi, manjano ifutwe. Sikumlaumu sana, yeye ndiye anayepokea matusi ya watu. Tumebishana mpaka Odette akatutoa wote wawili nje kama mbwa.

Mama, ningeweza kumnyamazisha kwa sentensi mbili. Ninazo hapa mdomoni. Lakini si zangu, ni za mtu ambaye mambo yake yameshatangazwa mara ya kutosha bila kuulizwa. Je, kuna njia ya kumwuliza? Akikataa, nitatafuta hoja nyingine, na nikishindwa nitashindwa.

Réjean


Tamarack Ford
8 Mei 2023

Réjean,

Nimemwuliza kwa njia tunayoijua wenyewe. Jibu lake: mwambie, ila usitaje mji wala jina. Akaongeza kwamba ni mara ya kwanza kuulizwa kabla ya kusemwa, na amekushukuru.

Mahakama imempa amri ya ulinzi, mumewe asimkaribie. Halmashauri ya maktaba nayo imekaa, ikakaa tena, hatimaye ikamnyang'anya yule bwana funguo zetu. Kura zilipishana kidogo tu, na hilo halikunifurahisha. Barua pepe zinashughulikiwa na mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari. Ile karatasi yako ya pili tumeifuata neno kwa neno: kompyuta zetu zikizimwa sasa zinasahau kila kitu, kama mimi na miwani yangu.

Ufagio siuhitaji tena kwa hilo. Lakini nimeuacha. Nimeuzoea.

Ardis


Moncton
4 Juni 2023

Mama Ardis,

Nimemwambia. Mimi na Gilles tulikuwa tunaosha vyombo kwao baada ya chakula, mimi naosha, yeye anafuta. Nilimweleza kwa kifupi. Kuna mwanamke. Kuna mume anayejua kompyuta. Kuna siku Ufagio ulisema safi wakati si safi, na kuna siku ulisema haujui.

Aliendelea kuifuta sahani moja iliyokwisha kukauka zamani.

"Hiyo tiki ya kwanza," akasema. "Ilimwumiza?"

"Nadhani ndiyo."

"Mimi ndiye niliyesema wananunua tiki."

"Na mimi ndiye niliyeiandika, Gilles."

Akaiweka sahani kabatini, akachukua nyingine. "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Haikuwa yangu kuisema."

Tulimaliza vyombo vyote. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni akaja nyuma yangu.

"Hiyo manjano yako," akasema, "ni ndogo mno. Mama yangu asingeiona bila miwani. Ikuze."

Nimeikuza. Wiki hii vivinjari viwili vimehama tena na sijui vilikohamia. Mpaka nijue, Ufagio unasema hivyohivyo. Baadhi ya watu wameanza kutuandikia kushukuru. Gilles amechukua barua moja akaitia kwenye fremu, na bado ananiambia mimi ni hasara tupu.

Mwanao,
Réjean


17 Septemba 2023

Kaka Réjean,

Hunijui. Mama Ardis anasema hakuwahi kukutajia jina langu, nami nilimwomba aipokee barua hii akutumie. Sikuandika mahali nilipo juu ya karatasi, utanisamehe. Siku moja nitaandika.

Sijui nikushukuru au nikulaumu, na nimeona nikwambie yote mawili. Ile tiki ya kijani ya mwaka jana ilinigharimu. Sitakueleza ilichonigharimu. Kwa muda nilikuchukia, mtu nisiyemjua aliyekaa mahali akaandika neno "Safi". Baadaye Ardis akanieleza kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeandika yale mengine, "Usiniamini". Nimekaa na watu wengi wasiorudi nyuma hata wakiona wamekosea. Kwa hiyo nimeamua nikushukuru, na lile la kwanza tuliache lilivyo.

Nafanya kazi jikoni kwenye shule, nawapikia watoto. Wanapenda supu zangu. Nyumba ninayoishi tuko wanawake kadhaa, na sebuleni kuna kompyuta moja ya wote.

Jumamosi nilitamani chapati za viazi, zile alizokuwa akitupikia bibi yangu wakati wa baridi, nikakumbuka kwamba sijui hata zinaanzia wapi. Nikaketi nikatafuta. Nilifungua kurasa nyingi: za viazi, za chuma cha kuokea, za akina mama wanaobishana kuhusu siagi. Nilipomaliza mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta cha kufutia. Nikaurudisha. Nikaacha kila kitu kilivyo, nikaenda jikoni kumenya viazi.

Jioni binti mmoja tunayeishi naye akaketi pale, mara namsikia anapaza sauti kutoka sebuleni, "Jamani, ni nani humu anatafuta chapati za viazi?"

"Mimi," nikajibu.

Renae